Kati ya Kuimba na Kuiba

Nianze kwa kusema wazi ili tusije tukalaumiana mbele ya safari: mimi ni mpenzi wa kopi. Nipe wimbo ulioimbwa na mtu wa kwanza, halafu uniambie kuna mwingine ameurudia, mimi nitataka kumsikia huyo wa pili kaufanyaje. Washikaji zangu wa kijiweni jambo hili huwaudhi ile mbaya. Wao wanasema orijino ni orijino, na mtu mwenye akili zake haachi soda akanywa maji yaliyosuuzia chupa.

Huwa nawajibu kwamba sisi watu wa bondeni, kama tungengoja orijino, tungezeeka bila muziki.

Nikisema bondeni sina maana ya Afrika Kusini, ambako watu wa Dar wamepabandika jina hilo. Bondeni yangu ni Kyela, kule chini kabisa, ukishamaliza makona ya Tukuyu na masikio yakaziba kwa mteremko. Huku ni mpunga, kokoa, joto na mvua isiyojua kuaga. Upande mmoja tuna Ziwa Nyasa, upande mwingine milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na upande wa tatu ni mto Songwe, ambao ukiuvuka uko Malawi. Enzi za kanda, muziki mpya ukitoka Dar ulikuwa unapita Mbeya, ukapita Tukuyu, na kila ulipopita ulirekodiwa juu ya kanda nyingine. Ulipotufikia ulikuwa umechoka kama abiria wa basi la usiku. Nilikuwa na kanda moja ya dansi ambayo katikati ya wimbo unasikia mtu anakohoa, kisha jogoo anawika. Bila shaka mtu aliweka redio mbili zitazamane uani akabonyeza rekodi. Mpaka leo nikiusikia wimbo ule redioni naona umepungua jogoo.

Lakini kopi ya kanda siyo ninayotaka kuizungumzia. Nazungumzia ile kopi ya mtu kuuchukua wimbo wa mwenzake na kuuimba upya kwa koo lake mwenyewe. Hizo ninazo kadhaa ninazozipenda, na kila moja ina kesi yake.

Ya kwanza ni ile tunayoiimba tumesimama wima: wimbo wetu wa taifa. Muziki wake si wetu. Ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, kwa lugha ya Kixhosa, uimbwe na wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905 bila kujua safari ambayo wimbo wake ungeifanya. Tanganyika iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili ilipopata uhuru mwaka 1961. Zambia ikauchukua mwaka 1964. Afrika Kusini yenyewe, alikozaliwa mwenye wimbo, ilingoja mpaka 1994, makaburu walipoachia madaraka. Simama pale mpakani Kasumulu: Wamalawi wa ng'ambo wana wimbo wao wenyewe, uliotungwa na Michael-Fredrick Paul Sauka wakati wa uhuru wao mwaka 1964. Nenda Tunduma: ng'ambo ya pale Wazambia wanaimba muziki ule ule wetu kwa maneno mengine. Na sijawahi kumwona mtu uwanjani akigoma kusimama eti kwa sababu ni kopi. Ila naye Sontonga alilala miaka mingi katika kaburi ambalo watu hawakulijua lilipo, hadi mwaka 1996 lilipotambuliwa rasmi na taifa lake. Hilo liweke kando kwanza, tutalirudia.

Kopi ya pili iliingia Kyela kwa mlango wa kibanda cha video. Unakumbuka filamu ya The Bodyguard ya mwaka 1992? Jenereta linaunguruma nje, ndani watu wamebanana kwenye mabenchi, na Whitney Houston anaanza kuimba I Will Always Love You bila chombo hata kimoja. Mpaka wale wauza usipa waliokuwa wanapiga kelele mlangoni walinyamaza. Wee acha tu. Baada ya hapo wimbo ule ulipigwa kwenye kila harusi, wakati kumbe ni wimbo wa kuachana.

Aliyeniambia kwamba wimbo si wa Whitney alikuwa mjomba wangu. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kijiji kimoja upande wa Ipinda, mtu wa redio ya National ya bendi tatu, ambayo betri zake alikuwa anazianika juani juu ya ungo pamoja na kokoa. Usiku alikuwa anakamata Malawi, na Malawi walikuwa hawamalizi jioni bila muziki wa magitaa wa Kimarekani. Akanambia, "Mjomba, huo ni wa Dolly. Sikiliza vizuri. Dolly anaaga, huyu analia."

Nilikuja kuupata wa Dolly Parton baadaye, ule wa mwaka 1974. Ni kweli. Dolly anaimba kama mtu aliyesimama mlangoni na begi mkononi, hataki kuwaamsha watoto. Ubeti mmoja hauimbi hata, anausema tu. Alikuwa anamuaga Porter Wagoner, aliyempa nafasi kwenye kipindi chake cha televisheni. Whitney anamuaga mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Siwezi kuchagua. Lakini kuna kisa nyuma ya wimbo huo ambacho kila anayeandika anapaswa kukijua. Kabla ya Whitney, Elvis Presley mwenyewe alitaka kuurudia. Meneja wake akatoa sharti kwamba Dolly akate nusu ya haki za wimbo. Dolly alilia usiku kucha, kama mwenyewe alivyosimulia mara nyingi, lakini alikataa. Alipokuja kuimba Whitney na dunia nzima ikanunua, wimbo ulikuwa bado wa Dolly, na fedha za utunzi zilikwenda kwake. Kopi ile ilimtajirisha mwenye orijino. Hayo ndiyo mapatano ninayoyaita ya kistaarabu.

Ya tatu ni Malaika, na hapa naomba watu wa Kenya wasininunie. Wimbo huu ulijulikana kwa sauti ya Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada yake akaja Miriam Makeba, wakaja Boney M mwaka 1981, akaja Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Mimi namchagua Makeba. Kiswahili chake ni cha mgeni, unasikia kabisa kwamba anayapapasa maneno kama mtu anayevuka mto kwa miguu na hajui kina. Lakini wimbo wenyewe ni wa kijana anayependa na hana fedha za kuoa, na mtu asiye na fedha ndivyo anavyotembea, kwa kupapasa. Sisi Wanyakyusa ambao mahari yetu ni ng'ombe tunaielewa hali hiyo bila mkalimani. Tatizo la Malaika ni kwamba mpaka leo watu wanagombea nani aliyeutunga. Fadhili alisema ni yeye, na mpaka alipofariki mwaka 2001 alishikilia hivyo. Wengine wanamtaja Adam Salim, wengine Grant Charo. Wimbo umezunguka dunia nzima, na nyumbani kwao bado wanaulizana baba yake nani.

Ya nne itawafurahisha wapenzi wa bongo fleva. Mwaka 1991 Saleh Jabir, aliyejulikana kama Saleh J, alishinda shindano la Yo Rap Bonanza Dar es Salaam kwa kuufanyia Kiswahili wimbo wa Ice Ice Baby wa yule Mmarekani Vanilla Ice. Wengi wanaosimulia historia ya kurap kwa Kiswahili huanzia pale au karibu na pale. Kwa hiyo muziki ambao leo tunaringa nao mpaka Lagos una kopi kwenye mizizi yake. Lakini ngoja, raha bado. Vanilla Ice naye, mwaka 1990, besi ya wimbo wake aliichomoa kwenye Under Pressure ya Queen na David Bowie ya mwaka 1981, na mwanzoni hakuwataja. Jina lao liliingia baadaye, baada ya mvutano. Na mwimbaji wa Queen ni nani? Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kwa hiyo besi ile ilitoka kwenye bendi ya mtoto wa Zanzibar aliyekuwa Ulaya, ikaibiwa Marekani, ikarudi Dar ikiwa imevaa kofia nyuma mbele. Saleh J aliporap vile alikuwa anamrudisha mtu nyumbani. Sijui kama mwenyewe aliwahi kulitazama hivyo, lakini mimi nikiisikia siwezi kuacha kutabasamu.

Sasa niache utani, maana ya tano inauma. Mwaka 1939, Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Gallo huko Johannesburg, alirekodi na kundi lake wimbo unaoitwa Mbube, maana yake simba. Haki zake ziliuzwa kwa malipo madogo ambayo hayanunui hata mbuzi. Sahani ikafika Marekani, Pete Seeger akalisikia vibaya neno la Kizulu akaliimba Wimoweh, na mwaka 1961 vijana walioitwa The Tokens wakaufanya The Lion Sleeps Tonight. Watoto wa dunia nzima wanaujua, hasa baada ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962, maskini. Binti zake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 ndipo yakafikiwa mapatano ya kuwalipa.

Bondeni yetu na ile ya makaburu si mbali kama ramani inavyosema. Zamani za ukoloni wazee wetu wengi waliondoka huku kwenda kuchimba dhahabu kule kwa mkataba wa Wenela. Waliorudi walirudi na blanketi, na wengine na sahani za santuri. Najiuliza kama mmoja wao hakuwahi kurudi na simba wa Linda kwenye sanduku lake.

Naufahamu uchungu wa binti za Linda kwa njia ndogo, na hapa narudi kwa mjomba.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, mto Mbaka ulitoka kwenye kingo zake. Kwetu mafuriko si habari, lakini mwaka ule maji yaliondoka na mpunga uliokuwa tayari kuvunwa, na mama mmoja wa kijijini akapoteza mtoto. Mjomba akatunga wimbo. Aliuandika kwa nota kwenye kauntabuku lake, sauti zote nne, na ndani yake akauita mto kwa jina, kama unavyomwita mtu aliyekukosea na bado unakaa naye jirani. Kwaya ya kijiji ikauimba. Bibi zetu walikuwa wakifika kwenye ubeti wa mto wanaitikia "ndaga, ndaga", kama wako msibani.

Ikatokea sikukuu ya kwaya, zikaja kwaya kutoka mbali. Mwalimu mmoja wa kwaya ya mjini akaomba kuzinakili nota. Mjomba akampa na chai juu. Baada ya kama miaka miwili tuko kwenye kipanya tunatoka Kyela mjini, dereva akageuza kanda, upande B, wimbo wa tatu. Mjomba akaacha kuongea. Kwaya ya watu, tuseme, arobaini, kinanda, gitaa la besi, sauti zimepangwa kama matofali. Tulipofika stendi hakwenda nyumbani. Alirudi mjini kuitafuta kanda ile, akaikuta kwenye kibanda, akainunua kwa hela yake. Kwenye karatasi ya kanda, mtunzi aliandikwa kuwa ni yule mwalimu wa mjini.

Nilitaka tumwandikie barua kali. Wajomba wengine walitaka twende. Yeye aliisikiliza kanda ile jioni tatu mfululizo akiizungusha kwa kalamu ya Bic ili asimalize betri. Mwisho akanambia, "Besi wameiweka vizuri kuliko mimi. Hilo lazima tuseme. Ila tazama walichofanya, mjomba. Mbaka wameutoa. Wameweka Yordani."

Nikasikiliza tena, ni kweli. Wimbo wa mafuriko ya Kyela ulikuwa umehamia Biblia. Mama aliyepoteza mtoto hakuwemo tena, walikuwemo wana wa Israeli.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999 na COSOTA ikaanzishwa kwa sheria hiyo, lakini mjomba hakwenda popote. Kauntabuku lenyewe lililowa katika mafuriko mengine. Na sasa niseme jambo ambalo washikaji zangu hawaliamini: kopi ile ya mjini ndiyo kopi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Ninayo mpaka leo kwenye simu, nilimwomba fundi mmoja anihamishie. Naipenda na inanichefua, vyote kwa pamoja. Ingekuwa mbaya ningeitupa na kesi ingeisha.

Mjomba alipofariki, kwaya ya kijiji ndiyo iliyoimba. Nilitegemea waimbe ule wa zamani. Kumbe vijana walikuwa wamejifunza wimbo kutoka kwenye kanda, na kuitikia kwa kanda, na besi ya kanda. Lakini walipofika kwenye ubeti ule wakaimba Mbaka. Hakuna aliyewaagiza. Mto wao wanaujua, wanavuka kila siku kwenda shamba. Bibi zetu wakaitikia. Hiyo nayo ilikuwa kopi, tena kopi ya kopi, na ndiyo pekee ambayo siwezi kukupigia uisikie.

Najua wengi mnaosoma kurasa hizi mnaandika, na mnaogopa kuambiwa mmeiga. Mimi naona woga huo umewekwa mahali si pake. Bi Kidude aliimba nyimbo za Siti binti Saad, kama ile ya Muhogo wa Jang'ombe, mpaka uzeeni, na hakuficha kwamba Siti ndiye mwalimu wake. Mwalimu Nyerere mwaka 1969 alitupa Mabepari wa Venisi. Shakespeare aliandika mfanyabiashara, Mwalimu akaweka mabepari, na miaka miwili baada ya Azimio la Arusha kila msomaji alijua mto gani umeingizwa pale. Jina la Shakespeare halikufutwa. Mwalimu aliweka neno lake na mwenye kazi akabaki mwenye kazi.

Kati ya kuimba na kuiba kuna herufi moja tu, m. Washikaji wakinibana kijiweni nawaambia hiyo m ni ya mwenyewe: mtaje mwenyewe, halafu imba utakavyo, ongeza besi, badilisha lugha, geuza kofia nyuma mbele. Na kama wimbo una mto, uliza kwanza ni mto gani kabla hujauhamisha.

Orodha yangu ndiyo hiyo: Sontonga, Whitney, Makeba, Saleh J, simba wa Linda, na kanda moja ya kwaya ambayo jina lake nimelimeza kwa makusudi. Mwenye yake aitume, lakini akituma aandike na jina la aliyeimba kwanza.